Meza ya Kukunja

Fundi wa jirani akipasua mbao za mti wa mukima, harufu yake hunirudisha kwenye trela tuliyoishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, karibu na Mitunguu. Jikoni hapakuwa na nafasi hata ya kuweka sufuria. Mama alipokatwa mguu hospitalini, baba alianza kumtengenezea kwa mbao hizo rafu za chini na meza ya kukunja, ili akirudi apike akiwa ameketi.

"Shikilia hapa, mwari wakwa," aliniambia, yaani binti yangu.

Tata, dada wa mama, akatokea mlangoni akilia. "Ametuacha," akasema.

Baba alikaza skrubu zote zilizobaki, akaibonyeza meza kuona kama imeshika, kisha akaketi sakafuni na kuuficha uso wake kwenye sketi yangu.