Sikio la Kulia la Fundi Hasna

Saa moja asubuhi, Ujiji. Gari dogo jeupe limeegeshwa mbele ya kibanda cha mabati, madirisha yamepandishwa yote, na ndani yake kwaya inaimba. Mwanamke wa miaka arobaini na minne ameketi kiti cha nyuma. Amefumba macho, na vidole vyake vimetandazwa juu ya spika ya mlango kama anampima mtoto homa.

"Sogeza sauti yote kulia," anasema. Bariki, dereva wa teksi na mwenye gari, anabonyeza redio.

"Haya, niambie. Kayamba unazisikia?"

"Nazisikia fundi, ila kwa mbali."

"Rudisha kushoto."

"Eeh, huku ziko wazi kabisa."

Hasna Mwinshehe anaitikia kwa kichwa. Zamani asingemuuliza mteja, angesikia mwenyewe. Sasa lazima aulize, kwa sababu sikio lake la kulia halizipati tena kayamba.

Hasna ni fundi wa redio za magari, hasa zile zinazokuja na gari kutoka kiwandani. Kazi hii alifundishwa na marehemu kaka yake, na ameifanya kwa miaka ishirini na moja. Wateja wake huja na lalamiko ambalo ni gumu hata kulisema: redio inawaka, stesheni zinashika, hakuna aliyeigusa, lakini sauti siyo ile.

"Mafundi wengi watakwambia ng'oa, funga mpya," anasema. "Mimi nakataa. Sauti haibadiliki bure. Kuna kitu kimetokea humo ndani, nakitafuta mpaka nikione."

Na hukipata. Mara waya umelika kwenye bawaba ya mlango, mara aliyebadilisha spika amegeuza nyaya na spika mbili zinavutana, moja inaimeza sauti ya nyingine. Kwenye magari yanayobeba dagaa, panya hufuata harufu na kuishia kutafuna karatasi ya spika, ile inayotikisika na kutoa sauti. Chombo chake kikuu kilikuwa masikio. Humtaka mteja aje na wimbo alioucheza mpaka akauchoka, hufunga milango, kisha huisikiliza kila spika peke yake.

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, akaja mama Leonia wa Mwandiga. Huyu mama hununua mawese Ilagala na kuyaleta mjini kwa gari lake mwenyewe. Alifika asubuhi na mapema, baridi bado ipo.

"Mwakeye, fundi," alimsalimia kwa Kiha, kisha akaingia kwenye shida yake. "Redio yangu inaumwa. Asubuhi mlango wa nyuma wa kulia unaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mchana unapona."

Hasna alicheka. Redio gani hiyo inayopona mchana? Akaketi nyuma, akasikiliza. Kweli, upande wa kulia ulikuwa umefifia. Akamwomba mama aliache gari juani.

Saa saba mchana wakarudi wote wawili ndani. Mama Leonia akapiga makofi kwa furaha. "Si nilikwambia? Imepona!"

Hasna hakusikia kupona kokote. Kwake mlango wa kulia ulikuwa umefifia vilevile.

"Nilimbishia, ndugu yangu," anasimulia. "Nilimwambia, mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini kwa sauti usinifundishe. Nikafungua mlango, nikatoa ile spika, nikaweka nzima kabisa. Bado imefifia."

Kisha akafanya jambo ambalo hajui lilimjiaje. Alipiga magoti juu ya kiti, akageuka akatazama kioo cha nyuma, ili mlango wa kulia uwe upande wa sikio lake la kushoto. Mlango wa kulia ukaimba safi. Sasa uliofifia ulikuwa wa kushoto.

Ubovu ulikuwa umegeuka pamoja naye.

"Nilikaa pale nimepiga magoti. Mama ananiuliza fundi vipi. Gari haligeuki, jamani. Kilichogeuka ni mimi."

Angeweza kunyamaza. Mama Leonia asingejua, na spika mpya tayari ilikuwa mlangoni. Lakini Hasna alimwambia palepale, huku analia, kwamba bovu ni sikio lake. Yule mama akamshika mkono, wakausikiliza wimbo mpaka ukaisha.

Baadaye aliichunguza ile spika aliyoitoa. Karatasi yake ilikuwa imelowa mawese yaliyochuruzika kutoka kwenye dumu lililoegemezwa mlangoni. Kwa baridi ya asubuhi mawese huganda na karatasi huwa nzito. Jua likiyayeyusha, sauti inarudi. Mama Leonia alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, neno kwa neno.

Hospitalini aliambiwa mshipa wa sikio umechoka na hautarudi. Daktari alipomuuliza kuhusu kazi, alieleza kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akiegemeza sikio la kulia kwenye spika za matangazo, zile kubwa zinazofungwa juu ya magari, ili asikie kama sauti ina ufa. Hakuna aliyewahi kumwambia zinaua sikio. Sikio la kushoto bado lipo, ila nalo limeanza, kidogo.

Habari ilienea. Siku hizi kila mteja mpya humwambia kabla hajafungua mlango: sauti nyembamba za kulia sizisikii, utanisaidia. Wapo wanaowasha gari na kuondoka. Wateja waliobaki hawafiki nusu ya wale wa zamani.

"Inauma," anasema, na safari hii hacheki. "Fundi seremala akikatika kidole, watu wanaona, wanampa pole. Mimi wanadhani nimekuwa mjinga."

Hajaacha. Mkono wake unasikia mtikisiko, betri ya tochi ikigusishwa kwenye nyaya inamwonyesha kama karatasi ya spika inaruka sawasawa, na yaliyobaki anamwuliza mwenye gari. Spika ya Bariki aligundua imeachia gundi pembeni, na kabla ya adhuhuri teksi ilikuwa imerudi barabarani.

Mwezi ujao Hasna anapanda treni kwenda Dar es Salaam kupimwa na kuwekewa kifaa cha kusaidia kusikia. Mwandishi alimuuliza kama anaogopa. Aliizungusha bisibisi mkononi.

"Kile si ni spika ndogo tu? Wanakuwekea spika sikioni," alisema. "Naogopa, kwa nini nisiogope. Sitasikia tena sauti ya mtu yenyewe, nitasikia ilivyopitia kwenye spika. Lakini sikio langu lilipoharibika sikuwa na pa kulifungua. Hicho kikibadilika sauti, nitakifungua."