Moto Baada ya Mvua ya Kwanza

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani, lakini mwaka ule wa pili wa uhuru wasiwasi niliutafuta mwenyewe.

Kwetu Mkongani, bonde la nyasi nyuma ya nyumba lilikuwa la kwale. Marehemu baba aliwatega kwa tanzi za katani, na alipofariki, mama akazirithi. Miezi ya njaa, mahindi yakiwa bado machanga, kitoweo chetu kilitoka bondeni. Na mwaka ule mke wangu alikuwa mjamzito.

Kuchoma nyasi, tulichoma kila kiangazi, ng'ombe wapate majani mapya. Ila mvua ya kwanza ikishagusa ardhi, moto haushuki tena bondeni, kwa kuwa kwale huanza kutaga. Nililijua hilo vizuri sana. Lakini mwaka ule mvua ilinyesha siku mbili, ikakata. Jua likarudi kali, nyasi zikakauka tena, ng'ombe wangu mbavu nje. Nikasema, aa, mvua gani hii ya kupiga chafya? Nikawasha.

Nilipopita kwenye majivu nikakuta mayai yamepasuka, manne hapa, matano pale. Sikumwambia mtu.

Masika yakachelewa, bonde likabaki jeusi. Kwale waliookoka hawakuwa na pa kujificha, na mwewe walishinda wakizunguka juu yetu. Kila alfajiri mama alikaa mlangoni kuwasikiliza kwale, nami kitandani roho juu juu, nikimsikiliza yeye. Zamani kelele zao zilinikera. Sasa kimya kitupu. Mke wangu akaniuliza mbona silali, nikamjibu kwa ukali. Masikini, hakuwa na kosa.

Mvua ilikuja hatimaye. Nyasi zilipofika magotini, asubuhi moja kwale dume akaita. Nilitoka mbio, nusura nicheke. Mama akainua kidole, ninyamaze. Dume akaita tena, na tena. Hakujibiwa.

"Anamwita mke," mama akasema. "Ulichoma baada ya mvua, mwanangu. Mayai uliyaona, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Alizitungua tanzi za baba ukutani, akazikata kwa kisu moja moja.

Mke wangu alijifungua tukila majani ya kunde, na dume yule bado akiita.