Hachoki

Kwa miaka sita Phyllis Moraa wa Kisii amekuwa akiwaandikia sifa wafanyakazi wa nyumbani, katika ofisi ya wakala wa ajira pale Wattaya, mjini Muscat, jirani na maduka ya magari. Mchangamfu. Mkakamavu. Mwepesi wa mikono. Hachoki. Hachoki! Binadamu gani hachoki? Lakini familia zikisoma neno hilo, zinapiga simu.

Jumanne, Ivy, mmoja wa wasichana aliowaandikia hivyo, alirudishwa ofisini na mwajiri wake wa mtaa wa Bawshar. Miezi minane tu kazini, na mashavu yamebonyea. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Moraa akamwandikia upya: "Mwaminifu. Anahitaji kupumzika kwanza."

Bosi, Bwana Safwan, alisoma akacheka.

"Nani atamtaka aliyechoka, Moraa? Rudisha maneno ya mwanzo. Na picha iwe ileile ya zamani."

Moraa akarudisha, neno kwa neno. Kisha akafungua maelezo ya mdogo wake Kerubo, anayetua Muscat Ijumaa kuanza kazi hiyohiyo. Aliyaandika mwenyewe, kwa fahari. Akatafuta lile neno alifute.

Familia tatu zilikuwa zimeshapiga simu kumtaka.