Wapima mto walikuja kwa ajili ya umeme, sehemu moja ikakosa wa kuitaja

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Ninachoandika hapa si chai. Kimetokea kwetu na mwenyewe nilikuwepo. Mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mie ni binti wa Tanga, kijiji cha mtoni upande wa Muheza. Shule niliishia form two. Kwetu wanawake ni wafinyanzi: bibi, mama, na mie. Ukila samaki wa kupaza wa chunguni pale Makorora, Tanga mjini, jua hicho chungu huenda kimepita mikononi mwetu.

(Ndoto yangu ni duka la vyungu Usagara, hukohuko mjini, lenye kibao cha rangi. Chekeni tu, kwenye ufunguzi mtaalikwa.)

Sasa tuje kwenye mkasa.

Kuna kampuni ilitaka kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji kwenye mto wetu. Kabla ya leseni, sharti ifanyike tathmini ya mazingira. Kampuni haifanyi yenyewe, inakodi wataalamu wa nje.

Wakaja kutoka Dar. Kiongozi wao tulimwita Injinia. Wote wanaume, isipokuwa Dada Neema, mtaalamu wa samaki. Mie nikapata kibarua cha kuwatafsiria wazee wanaozungumza zaidi Kibondei.

Wakaitisha mkutano. Injinia akauliza vizuri kabisa, kuna sehemu gani ya mto mnayoitumia? Wanaume wakataja migomba, kivuko, mahali pa kunyweshea ng'ombe.

"Na akina mama?"

Kimya.

Mama yangu akajifunika kanga vizuri, akasema, "Siye hatuna neno, baba."

Injinia akaandika hakuna.

Wakuu, hakuna wapi! Banio la kuzuia maji lingekaa upande wa chini wa mto, hatua chache tu kutoka shimo tunalochimba udongo wa vyungu. Maji yakijaa, shimo linazama, na ufinyanzi wetu unakwenda nalo.

Mtauliza, mbona hamkusema?

Kwetu shimo la udongo halitajwi mbele ya mwanamume, wala mwanamume hakanyagi pale. Ikitokea, vyungu vinapasuka motoni. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo swali lilikuwa zuri, ila waliulizwa wanawake mbele ya waume zao.

Jioni nikamkuta bibi anasugua mtungi kwa kijiwe.

"Mambo haya nimeyaona miaka ya hamsini, nikiwa kigori," akasema. "Wazungu wa shamba la mkonge walipima mfereji wa kupeleka maji korona, ile mashine ya kukamua katani. Wakawauliza wanaume. Wanaume wakasema hapana kitu. Mfereji ukapita juu ya shimo la mama yangu. Mikono ile iliyokuwa ikifinyanga ikaenda kuanika katani za watu."

"Na hamkusema?"

"Tumwambie nani, mke mwenzangu?" Ananiita hivyo kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Safari hii kuna mwanamke, bibi."

Akasugua weee. "Ana adabu?"

"Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa."

"Mlete."

Asubuhi nikamfuata Injinia. "Kaka, kuna sehemu hujaiona, na siwezi kukuonyesha. Mpe Dada Neema GPS yako."

"Kuna dhahabu?"

"Zaidi."

"Ripoti nasaini mimi. Nisaini nisichokiona?"

Mdomo wangu huu! Nikamwambia, "Cheti cha kuzaliwa cha mwanao si ulisaini? Kwani chumba cha kujifungulia uliingia?"

Dada Neema alicheka mpaka akakaa chini. Injinia akavua GPS shingoni, akampa.

Bibi aliikagua ile GPS. "Kidude hiki ni cha kike?"

"Leo kitakuwa cha kike, bibi," akasema Neema, akakifunga kwenye kanga.

Tukaenda peku, bila kusemezana njia nzima. Pale shimoni Neema akabonyeza kidude, alama ikaingia.

Mama aliposikia, alikasirika. "Umempeleka mgeni! Vyungu vya harusi ya watu vikipasuka, utawajibu wewe." Siku ya kuchoma nilikaa kando ya moto wa makumbi, roho mkononi. Majivu yalipopoa, vyungu vikatoka vizima. Chetezo kimoja tu kilikuwa na ufa.

Mama akanitazama. Bibi akakinyakua. "Hiki kilikuwa na kokoto. Nilikiona tangu kibichi."

Mpaka leo sijui kama alikiona kweli.

Wataalamu wakarudi kusoma ripoti kijijini. Kwenye ramani palikuwa na duara moja jipya limeandikwa ENEO LA AKINA MAMA, basi. Na banio limesogezwa upande wa juu wa mto, duara likabaki nje ya maji. Injinia akasema, "Hapa hapajadiliwi." Wanaume wote wakatazama miguu yao. Mzee mmoja akakohoa, "Tuendelee, mwanangu."

Tukiwa njiani kurudi, baba akanisogelea.

"Lile duara," akasema taratibu, "limekaa penyewe."

"Baba, kumbe unapajua?"

"Mwanangu, tangu nimuoe mama yako, nikienda kuvua nazunguka kilima kizima. Ulidhani napenda kutembea?"

Wakuu, nilichojifunza: kimya cha mkutanoni si jibu. Ukitaka kujua mto wa watu, angalia pia njia wanazozikwepa. Na mnaoandika hizi tathmini, njooni na akina dada, tena wenye kuvua viatu.

Haya, kwenu kuna sehemu gani isiyotajwa mbele ya wageni? Msiitaje, nielezeni tu ilivyookolewa. Wa kuponda pia karibu, ngozi yangu imeshapita motoni.