Boksi la Kioo cha Taa

Harufu ya maganda makavu ya kahawa ikinikuta njiani kwenda shule, mikono huniwasha kutupa boksi.

Kioo kimoja cha taa ya gari la zamani la babu kilitumwa kwa basi, kikafika kwa fundi Songea kikiwa vipande. Kilichobaki hakina mwenzake madukani. Kwa hiyo, kabla ya kukituma, bibi alijaribu boksi kwanza: akazika yai ndani ya maganda ya kahawa.

“Mume wangu,” akanitania mimi mjukuu wake, “tupa kama konda wa basi.”

Nikatupa kwa adabu.

“Konda gani ana huruma hivyo? Panda paani!”

Kutoka paani, yai likapasuka. Bibi akashindilia maganda zaidi, akaweka jingine. Kuku wakaanza kunitazama vibaya. Hatimaye yai likatoka zima, ndipo akaweka kioo. Stendi, akamkabidhi konda.

“Haya, mwanangu, rusha unavyotaka.”