Sinia Moja Kipini

Ukame ule wa mwisho wa miaka ya tisini ulipotubana, baba yangu aliifunga kwa magogo njia ya ng'ombe iliyokatiza shamba letu kwenda mtoni. Ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Kiorma wakaanza kufa kwa kiu. Yeye na baba wakapelekana kwa chifu, huko Kipini, nami nikaandamana na baba, maana mzee yule alikuwa na hasira za karibu, na mimi ndiye niliyezirithi. Chifu alisema asubuhi nzima, asipatanishe mtu.

Adhuhuri njaa ikatupeleka kwenye hoteli iliyokuwa ndani ya nyumba ya mawe ya kale, ya chokaa na boriti. Kuta zake zilikuwa nene, upana wa kitanda. Nilipovuka kizingiti joto likaniachia papo hapo. Nikatazama zidaka za kuwekea vyombo zilizochongwa ukutani na mafundi ambao hakuna tena aliyewakumbuka, nikajikuta nimeshusha sauti. Hoteli ya wali, nami nilitaka kuvua viatu!

Mara mfugaji naye akaingia. Baba akainuka aondoke. Mama mwenye hoteli, mtu mzima, akamzibia mlango na sinia mkononi.

"Kimebaki hiki tu. Ketini mle pamoja, au mwende na njaa zenu."

Tukaketi mkekani, watatu. Juu ya wali palikuwa na samaki wa kupaka. Kwetu mkubwa ndiye humega kitoweo akawasogezea wenzake, na baba, hata akinuna, mkono wake haukujua uchoyo. Alimega mnofu akauweka upande wa mfugaji. Kisha mkono ukaganda. Alikuwa amesahau kwamba watu wa ng'ombe wa rika lile samaki hawamli. Kwao ilikuwa aibu.

Mfugaji aliutazama ule mnofu kitambo.

"Bismillahi," akasema, akautia kinywani, akatafuna nyama na miiba, machozi yakimlenga.

"Ngoja, mzee," baba akasema.

Sisi wanawe hakupata kutuchambulia samaki hata tulipokuwa wadogo. Lakini pale aliichambua miiba polepole, kwa vidole vyake vya jembe, akamsogezea mwenzake mnofu mtupu. Nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu.

"Kesho asubuhi nitayatoa magogo," baba akasema. "Wakanywe."

Mfugaji akaitikia kwa kichwa tu. Kinywa chake kilikuwa kimejaa samaki.