Zamu ya Mama Saa

Jina la Mama Saa alilipatia uani, na aliyempa ni fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Nyumba ilikuwa ya kupanga: vyumba sita vinavyotazamana, bafu moja, bomba moja, na kamba za nguo zilizopishana juu ya vichwa vya watu. Kila jioni baada ya kazi mwanamke huyo alimtolea mumewe kiti, akamwekea meza ndogo, kisha akakaa pembeni na saa ya kengele mapajani. Mume alikunja uso juu ya karatasi. Mke alitazama mshale. Ulipofika mahali pake, alisema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Muda umekwisha. Weka kalamu." Hata kama lilibaki neno moja, kalamu iliwekwa.

"Huyu si mke, ni Mama Saa," fundi alisema. "Siku akikukasirikia atakunyang'anya hadi dakika za kulala."

Mume naye alikuwa na jina lake. Walimwita Mtahiniwa. Alikuwa karani wa muda katika ofisi ya umma, na muda wenyewe ulikuwa umeanza kumzeesha. Mkataba ukiisha aliongezewa mwingine mfupi, huku makarani wa kudumu wakipita mbele yake na mafaili kwapani. Njia ya kuwa kama wao ilikuwa moja tu, mtihani wa ajira uliofanywa mara moja kwa mwaka, siku ya Jumamosi, ukumbi mzima wa watu wakigombea nafasi za kuhesabika. Hesabu na lugha hazikumsumbua. Kilichomwangusha ni mantiki, zile chemshabongo za watu waliokaa kuizunguka meza, za ndugu ambao hujui nani kamzaa nani, za sentensi tatu na hitimisho moja la kuchagua.

Mama Saa alifanya kazi katika duka la kutoa nakala. Alisimama mbele ya mashine tangu asubuhi, joto lake likimpiga tumboni, akipokea vyeti, hati za nyumba, na mitihani ya miaka iliyopita ambayo vijana waliileta kunakili. Karatasi iliyotoka imepinda au imefifia wino aliruhusiwa kuibeba. Ndivyo zoezi la jioni lilivyoanza. Mitihani ya zamani ilipokwisha, akaanza kutunga maswali mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na watu wengine wa kuwapanga, aliwapanga wapangaji wenzake.

"Watu watano wanatumia bafu moja asubuhi," alimsomea mumewe siku moja, ua mzima ukisikia. "Mlinzi huoga wa mwisho, maana hutoka lindoni jua limeshapanda. Dereva huingia mara tu muuguzi anapotoka. Mpiga picha huoga kabla ya fundi cherehani, lakini si wa kwanza. Nani huoga wa kwanza?"

"Mwenye ndoo," mlinzi alijibu kutoka mlangoni kwake.

"Na mimi nimewekwa nyuma ya mpiga picha kwa kosa gani?" fundi aliuliza. "Yule akianza kuimba humo ndani, maji yanaisha mjini kote."

"Fundi, tulia. Mwenzako anafikiri."

Mtahiniwa alichora vistari vitano, akaandika, akafuta, akaandika tena. "Muuguzi," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Lakini umechelewa."

Kabla ya kumsomea mumewe swali lolote, Mama Saa alilijaribu kwanza akiwa kazini, mashine ikinguruma. Aliwapanga watu wake kila namna iliyowezekana hadi aone kwamba mpango unaokubalika ni mmoja tu. Swali lenye majibu mawili alilihesabu kuwa ni dhuluma kwa anayeulizwa.

Yeye mwenyewe alikuwa na cheti sawa na cha mumewe, na walipooana walikubaliana kwamba wataufanya mtihani huo wote wawili. Halafu mama mkwe akapatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ukalala, akaletwa kuishi nao, kitanda chake kikawekwa nyuma ya pazia lililokigawa chumba. Ulimi wake ulikuwa mzima, ila mwili ulihitaji kugeuzwa, kulishwa na kubadilishwa nguo, na bibi huyo hakukubali kuvuliwa na mwanamume, hata awe mwanawe wa kumzaa. Siku za kazi alikuwepo mama mmoja wa mtaani aliyekuja kumtunza kwa ujira. Jumamosi mama huyo alikuwa na mambo yake.

Basi wakawekeana zamu. "Mwaka huu mimi, mwakani wewe," mume alisema, na mke akaona ni sawa. Mwaka ule Mtahiniwa alianguka. Alirudi na maneno matamu: alikaribia mno, alama chache tu, apewe mara moja tena na asipopita hatasema kitu. Akapewa. Akaanguka tena.

Tangazo la safari hii Mama Saa alilisoma likitoka kwenye mashine, bado lina moto. Mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye mwakani angekuwa amevuka. Mumewe alikuwa mdogo kwake, alikuwa bado na miaka ya kuchezea.

"Safari hii ni yangu," alimwambia jioni.

"Kwani nani kakataa? Twende wote," mume alisema. "Dada atakuja kukaa na mama."

Wifi huyo alikuwa muuza nguo upande wa pili wa mji, mwanamke wa maneno machache na miguu myepesi. Alipoombwa alisema, "Wifi, mimi nitafika hata hujajipaka mafuta."

Toka siku hiyo meza ya uani ilikuwa na viti viwili na saa ikawekwa katikati. Mama Saa hakujua kama yeye ni mwepesi mpaka alipoanza kushindana na mtu. Alikuwa akiweka kalamu chini na kukaa kimya kwa heshima, akitazama nguo kambani, huku mwenzake bado anachora vistari.

"Mtahiniwa, leo umefungwa mabao mangapi?" fundi aliuliza.

Mtahiniwa alicheka kwa meno tu.

Asubuhi ya mtihani Mama Saa aliamka mapema akamwosha mama mkwe, akamlisha uji, akaenda bombani kufua shuka. Gauni lake lilikuwa limening'inia mlangoni, limepigwa pasi. Wifi hakutokea. Walingoja. Wanawake wengine wa uani hawakuwepo: muuguzi alikuwa zamu ya hospitali, mke wa dereva amesafiri.

"Mpigie dada yako," alisema.

"Nimempigia weee. Hapatikani," mume alisema, simu mkononi, akimtazama usoni. Alikuwa ameshavaa viatu. "Sasa tufanyeje? Aende mmoja, au tukose wote?"

Mama Saa alitazama pazia, akatazama gauni. Alijua kwamba mwenye kubaki hawezi kuwa yule asiyeruhusiwa kumgeuza mgonjwa. Hilo halikuhitaji karatasi.

"Nenda," alisema. "Ukikutana na swali lenye fundo, liruke. Usilikalie. Urudi baadaye."

Mtahiniwa alikwenda, na safari hiyo alipita.

Matokeo yalipobandikwa, uani palijaa watu. Walinunua soda na mikate, mpiga picha akatoa kamera yake bila kudai chochote, na fundi akatangaza kwamba jina la Mtahiniwa limekufa leo na mazishi ni hapa hapa. "Kuanzia sasa mwiteni Mheshimiwa, mpaka akope kiberiti." Wifi naye alikuja na khanga mpya ya kumpongeza mke wa kaka yake. Alimvuta kando, karibu na bomba.

"Ila wifi, mimi nilikusikitikia. Homa nayo huchagua siku."

"Homa gani?"

"Si ile ya siku ya mtihani. Mimi nimeshavaa, nafunga mlango, kaka ananipigia kwamba umeamka hujiwezi, unabaki nyumbani, kwa hiyo nisijisumbue. Moyo uliniuma, maana nilijua ulivyosoma."

Mama Saa alikuwa ameshika chupa ya soda. Aliifungua, akammiminia wifi yake, bilauri ikajaa bila tone kumwagika.

"Ah, hiyo," alisema. "Ilipita."

Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha nyuma ya pazia. Nje walikuwa wakicheka. Alijaribu kuyapanga yale mambo kwa namna nyingine. Labda wifi amechanganya siku. Lakini mtihani ulikuwa siku moja tu. Labda mume alimwona kweli ana homa. Lakini ni yeye aliyesimama akifua shuka. Labda simu ilipatikana baadaye, wakati yeye keshaamua kubaki. Lakini wifi alikuwa akifunga mlango wake ili aje. Kila alikomweka mumewe, maneno yale mawili, la homa na lile la kutopatikana, yalimrudisha kwenye kiti kile kile.

"Umeambiwa?" mama mkwe alisema kutoka kitandani.

Mama Saa aligeuka. "Ulijua, mama?"

"Nilimsikia akipiga simu hapo dirishani. Wewe ulikuwa bombani."

"Na ukaninyamazia."

"Ni mwanangu. Ningesemaje?"

"Mimi kila siku unaniita mwanangu."

Bibi aligeuza uso ukutani, upande ule aliouweza. Baada ya muda Mama Saa alisimama akamgeuza na mwili, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Kesho yake mchana fundi alikuja kumpima Mtahiniwa suruali ya kuanzia kazi katika mji wa mbali aliopangiwa. Alimzungushia utepe, pini zimejaa mdomoni, lakini hazikumzuia kusema. "Kiuno kimenenepa kabla ya mshahara. Shemeji, mchunge huyu." Mama Saa alingoja mpaka fundi alipokunja utepe wake na kwenda.

"Siku ile dada yako alikuwa ameshavaa," alisema.

Mtahiniwa alishusha mikono. Hakuuliza siku gani. Alikaa kitandani, akatazama soksi zake.

"Ulikuwa unanishinda kila jioni," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Nafasi zenyewe ulizijua, ni za kuhesabu kwa vidole. Moja ungechukua wewe, na huenda ndiyo hiyo iliyobaki kwangu. Mke mtumishi wa kudumu, mume karani wa muda. Ningekuwa nani mimi humu uani?"

"Ungekuwa mume wangu. Na mwakani ungekwenda tena. Wewe miaka unayo."

"Ni rahisi kusema. Na hata hivyo, si tumepata? Huo mshahara si wetu wote?"

"Sikuwa nataka mshahara tu." Alitafuta neno, akalikosa, akasema hivyo hivyo lilivyokuja. "Nilitaka kukaa kwenye kile kiti. Nifunue karatasi nione wamenitungia nini."

Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, kikanyamaza.

"Huko unakopelekwa utakwenda na mama yako," Mama Saa alisema.

"Hata nyumba sijapewa."

"Utapewa. Si umeajiriwa."

"Na nani atamgeuza?"

"Dada yako. Yeye huja akiitwa."

Mtahiniwa alidhani ni hasira, itapoa. Alimwacha siku kadhaa, akamnunulia viatu, akamtuma muuguzi amsemeshe. Viatu vilikaa kwenye boksi lao. Mama Saa aliendelea kupika, kufua na kugeuza kama kawaida, na hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililoanza kumtisha mume. Mwishowe wifi alikubali kwenda kukaa nao huko kwa muda. Kwa nini mke mwenyewe haendi, hakuambiwa, na hakuuliza.

Siku ya kuhama pikapu ilisimama mlangoni, godoro na masanduku nyuma. Dereva na mlinzi walimbeba bibi kwa kiti, wakamkalisha mbele. Wifi akapanda kando yake. Lakini gari lilipowashwa, bibi alitoa mkono wake mzima dirishani akamshika mkwewe kifundo cha mkono, akakikaza.

"Siendi bila wewe."

"Mama, watu wanangoja."

"Wangoje. Aniache hapa aende zake. Wewe ndiye unayenijua."

Ua mzima ulisimama kutazama. Mtahiniwa alikuwa ameegemea bodi la gari, suruali mpya mwilini, akimtazama mke wake kwa matumaini, kama mtu anayeona mlango ukianza kufunguka. Mama Saa alimwona. Aliinama, akamrekebishia bibi khanga mabegani, akamfuta jasho la pua.

"Tangulia, mama," alisema. "Namalizia vitu hapa. Jumamosi nakuja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mkono ukalegea. Gari likaondoka, bibi akijaribu kugeuza shingo upande usiogeuka, na Mama Saa akapunga mkono mpaka lilipokata kona. Siku nyingi alikuwa akijiuliza mumewe aliwezaje kumkazia macho na kutamka vile asubuhi ile ya mtihani. Alikuwa akidhani neno kama hilo lina uzito, kwamba mtu lazima alisukume litoke. Kumbe halikuwa na uzito wowote. Lake la Jumamosi lilikuwa limetoka laini, na sauti yake haikubadilika.

"Shemeji," fundi alisema nyuma yake, kwa upole ambao hawakuuzoea kwake. "Hiyo Jumamosi tukusaidie kufunga mizigo?"

"Hakuna mizigo, fundi," alisema, akaingia ndani kulishusha pazia.